Nani Ampishe Nani Ziwani?

Usiku wa giza, Ziwa Tanganyika mbele ya Magara, kwenye pwani ya Burundi, huwa na taa nyingi kuliko Magara yenyewe. Ni wavuvi wa ndagala. Chini ya kila taa kuna mitumbwi iliyounganishwa kwa miti ikawa chombo kimoja, wavu umeshushwa, na watu wanangoja samaki wapande kuufuata mwanga. Vyombo vikubwa vya aina hiyo Warundi wanaviita Apollo. Zamani taa zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni balbu za jenereta au za betri. Kati ya taa hizo, au pembeni yake, hupita vyombo vingine: boti za injini zinazovuka kati ya Rumonge na pwani ya Kongo, boti za abiria na mizigo zinazoufuata ufuko kuelekea Nyanza-Lac, na mara kwa mara meli ya chuma inayotoka Mpulungu, Zambia, ikiwa na saruji au sukari ya kupeleka Bujumbura.

Mwenye usukani wa meli hiyo anaona nukta nyeupe zilizotapakaa. Ipi imetulia, ipi inatembea, ipi iko mita mia tatu na ipi kilomita tatu, nukta hazimwambii. Mvuvi naye amekaa chini ya taa kali. Macho yake yamezoea mwanga, na kilicho nje ya duara la taa hakioni mpaka kimfikie. Wote wawili wamewasha taa, wala hakuna anayemjua mwenzake.

Nani ampishe nani, na atajuaje mapema kwamba yuko wa kupishwa? Swali hilo limefanyiwa utafiti kwa zaidi ya karne moja, kwanza kwa meli, kisha kwa ndege. Utafiti huo kwa sehemu kubwa husimuliwa kama hadithi ya mitambo: rada, kompyuta, sauti inayomwamuru rubani apande au ashuke. Nikiusoma nikiwa na pwani ya Rumonge akilini, naona kwamba mitambo ndiyo sehemu inayotufaa kwa uchache zaidi. Iliundwa kwa ajili ya vyombo vinavyofanana, vinavyotaka kuonekana, vilivyo chini ya sheria moja. Tanganyika haina hata moja kati ya hayo matatu. Sehemu inayotufaa ni ile ya zamani zaidi na ya bei rahisi zaidi: maana ya taa, na mahali pa kupita.

Kanuni za bahari zilianza kuandikwa pale mvuke ulipokuja. Chombo cha tanga hufungwa na upepo, kwa hiyo mwenzake anaweza kukisia kitaelekea wapi. Meli ya mvuke huenda itakako, na hapo makisio yakawa hayatoshi. Mwaka 1846 Uingereza ilitunga sheria kwamba meli za mvuke zikikutana kila moja ishike kulia kwake. Mwaka 1848 zikaja taa za rangi: nyekundu ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia, nyeupe mlingotini. Mwaka 1863 Uingereza na Ufaransa zilikubaliana kanuni za pamoja, na nchi zaidi ya 30 zikazifuata. Zinazotumika leo baharini ni za mwaka 1972, zilizoanza kufanya kazi Julai 1977.

Taa zile za rangi, kwa maoni yangu, ndizo uvumbuzi mkubwa kuliko rada. Hazimuliki njia. Kazi yake ni kutoa habari. Ukiona nyekundu peke yake, unautazama ubavu wa kushoto wa chombo. Ukiona nyekundu na kijani pamoja, chombo kinakujia uso kwa uso. Kwa gharama ya vioo viwili vya rangi, mtu aliye mbali katika giza anaambiwa umeelekea wapi. Taa ya Apollo haina habari ya namna hiyo. Ni zana ya kazi, kama wavu ulivyo zana, na imetokea tu kwamba inaonekana na wapita njia.

Sasa habari ya namna ya kujua hatari. Mabaharia walikuwa na kipimo kabla ya kuwapo mtafiti yeyote: kitazame chombo kingine kwa dira, ikiwa mwelekeo wake haubadiliki huku umbali ukipungua, mtagongana. Kipimo hiki hakihitaji kujua kasi ya mwenzako wala yako. Kwa mvuvi aliyetulia juu ya wavu wake hakihitaji hata dira. Taa ya meli ikihama kushoto au kulia ukiilinganisha na nyota iliyo chini upeoni au na taa za kijiji cha ng'ambo ya Kongo, inapita zake. Ikibaki palepale huku ikikua, inakuja kwako. Takriban kila hesabu iliyofuata, hata zile zilizojaza majarida ya wataalamu wa uongozaji vyombo, imejengwa juu ya jambo hilo moja.

Mtambo wa kwanza ulikuja mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1904, kwenye daraja la mto Rhine mjini Cologne, Mjerumani wa miaka 22 aitwaye Christian Hülsmeyer alionyesha kifaa kilichotuma mawimbi ya redio na kupiga kengele mawimbi yaliporudishwa na meli iliyokuwa ikipita. Alikipatia hataza, akakionyesha pia Rotterdam mwaka huohuo, na nia yake ilikuwa moja tu: meli zisigongane kwenye ukungu. Wenye meli hawakukitaka, wala jeshi la majini la nchi yake. Miaka 10 baadaye, Mei 1914, meli ya abiria Empress of Ireland iligongwa na meli ya makaa Storstad kwenye ukungu wa mto St Lawrence, Kanada, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Rada yenyewe ilisubiri Vita ya Pili ya Dunia ndipo ikaenea, na haikuenea kwa ajili ya usalama wa abiria.

Rada ilipofika kwenye meli za biashara, watu walidhani tatizo limekwisha. Mwaka 1956 uliwasahihisha, kwa meli na kwa ndege, ndani ya mwezi mmoja. Tarehe 30 Juni ndege mbili za abiria ziligongana juu ya bonde la Grand Canyon, Marekani, mchana, katika anga ambalo marubani walitakiwa waonane kwa macho. Watu wote 128 walikufa. Tarehe 25 Julai, karibu na kisiwa cha Nantucket, meli ya Kiitaliano Andrea Doria na ya Kiswidi Stockholm ziligongana, watu 51 wakafa. Ajali ya pili ndiyo iliyowasumbua watafiti zaidi. Meli zote mbili zilikuwa na rada. Kila moja ilimwona mwenzake mapema. Mmoja alikata kushoto ampishe mwenzake kwa kulia, mwingine akakata kulia ampishe kwa kushoto, na hivyo juhudi za kila mmoja kumkwepa mwenzake zikawakutanisha. Mabaharia wakaanza kuzungumzia migongano iliyosababishwa na rada.

Hapo ndipo utafiti wenyewe ulipopata swali lake la kweli. Kuona ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kwamba watu wawili wasioweza kuzungumza wachague vitendo vinavyopatana. Mmoja wa walioligundua vizuri alikuwa E. S. Calvert, mtafiti wa kituo cha ndege cha Farnborough, Uingereza, mtu ambaye marubani wanamjua kwa kitu kingine kabisa: mpangilio wa taa zinazomwongoza rubani kutua usiku. Mwaka 1960 aliandika juu ya kukwepana kwa meli. Hoja yake ilikuwa kwamba kanuni za bahari humtaka nahodha kwanza aamue anakutana na mwenzake uso kwa uso au wanakatana njia, na uamuzi huo ndio unaokosewa, kwa sababu mpaka kati ya hali hizo mbili ni mwembamba. Akapendekeza kanuni isiyohitaji uamuzi huo: chora mstari wa kufikirika kati ya vyombo viwili; kila mmoja afanye kitendo kitakachouzungusha mstari huo upande uleule. Wakifanya hivyo wote, vitendo vyao vinajumlishwa. Akifanya mmoja tu, bado kitendo chake kinasaidia. Hawawezi kufutiana. Manahodha walimsoma kwa mashaka, maana aliwataka wafikiri kwa jometri mahali walipozoea kufikiri kwa haki: nani ana haki ya njia, nani hana.

Upande wa ndege, jambo kubwa la miaka hiyohiyo lilitoka Marekani, kwa John Morrell wa kampuni ya Bendix. Yeye alisema tusipime hatari kwa umbali, tuipime kwa muda. Gawanya umbali uliopo kwa kasi ya kukaribiana. Jibu ni sekunde zilizobaki kabla ya kukutana. Ndege mbili zilizo kilomita tano, moja ikiifuata nyingine taratibu, hazina haraka. Ndege mbili zilizo kilomita tano zikijiana uso kwa uso zina chini ya sekunde 15. Hesabu hiyo ndogo ndiyo moyo wa mtambo unaobebwa leo na ndege za abiria, ambao Marekani iliuamuru baada ya migongano ya San Diego mwaka 1978 na Cerritos mwaka 1986. Mtambo humwamuru rubani zikiwa zimebaki kati ya sekunde 15 na 35 kutegemea kimo, na mitambo ya ndege mbili hupatana yenyewe kwanza: wewe panda, mimi nishuke. Ni wazo la Calvert kwa vyuma na umeme. Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, rubani mmoja aliutii mtambo na mwingine akamtii mwongoza ndege aliyekuwa ardhini. Wote wawili wakashuka, na watu 71 wakafa.

Tuipeleke hesabu ya Morrell Magara. Chukua meli ya mizigo inayokwenda kilomita 20 kwa saa na boti la injini linalokwenda kilomita 15 kwa saa, zikijiana. Zinakaribiana kwa kilomita 35 kwa saa, yaani karibu mita 10 kila sekunde. Tuseme wanatambuana zikiwa zimebaki mita 1,000. Wana dakika moja na sekunde 40 hivi. Kwa rubani huo ni muda wa anasa. Kwa meli iliyojaa saruji ni mfupi, kwa kuwa haina breki, na hata ukigeuza usukani huendelea kwanza ilikokuwa ikienda. Boti la mbao lenye injini nyuma linageuka ndani ya sekunde chache. Na Apollo, wavu ukiwa chini? Haiendi popote. Kuuvuta wavu peke yake ni kazi ya dakika nyingi.

Kwa hiyo kwenye maji hayohayo tuna mwenye uwezo wa kukwepa lakini asiyeonekana vizuri, mwenye kuonekana lakini asiye na uwezo wa kukwepa, na mkubwa anayekwepa kwa shida na anayemdhuru kila amgusaye. Kanuni za bahari zinajaribu kuwapanga: chombo cha injini kimpishe anayevua kwa zana zinazomzuia kugeuka. Sawa. Lakini ili umpishe anayevua lazima ujue kwamba anavua, na ujue wavu wake umeenea upande gani. Calvert na wenzake walichora nukta mbili karatasini, kila nukta ikiwa na mshale. Walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Bahari waliyoishughulikia ilikuwa ya meli kwa meli. Mvuvi mwenye wavu chini ni nukta isiyo na mshale.

Halafu kuna sheria. Watu wengi hudhani kanuni za 1972 ni za maji yote duniani. Kifungu chake cha kwanza kinasema zinahusu bahari kuu na maji yote yaliyoungana nayo ambayo meli za bahari zinaweza kupita. Tanganyika hutoa maji yake kwa mto Lukuga, unaoingia katika mto Kongo, na hakuna meli ya bahari inayoweza kupanda huko ikafika ziwani. Kwa hiyo ziwa lenye kina cha mita 1,470, refu kwa zaidi ya kilomita 650, liko nje ya mkono wa kanuni hizo, mpaka kila nchi izichukue katika sheria zake. Na nchi ni nne: Kongo ina asilimia 45 ya ziwa, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Burundi ilitunga sheria yake ya usafiri wa ziwani mwaka 2010. Boti likiondoka Rumonge usiku kwenda Kongo hubadilisha sheria katikati ya maji, mahali pasipo na alama yoyote.

Victoria imetangulia hapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007, moja kwa nchi tatu za pwani yake. Tanganyika ina mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam Juni 2003 na mamlaka yake yenye makao Bujumbura, ila shughuli kuu ya mkataba huo ni mazingira: samaki, uchafuzi, udongo unaomomonyoka milimani. Kongo ilipoingia katika Jumuiya mwaka 2022, nchi tatu kati ya nne za Tanganyika zikawa ndani ya nyumba moja, Zambia ikabaki nje. Kwa ufuko wa Burundi, hilo linatosha kuanzia.

Angani juu ya Magara mambo yamekuwa tofauti. Kwa miaka mingi anga la juu la Burundi limeongozwa kutoka Dar es Salaam, kwa sauti moja, bila wasiwasi kwamba mipaka ya chini ni mingine. Lakini tusiipambe sana Afrika ya angani. Septemba 1997, mbali na pwani ya Namibia, ndege ya jeshi la anga la Marekani na ndege ya jeshi la Ujerumani ziligongana zikiwa zote kwenye kimo cha futi 35,000. Watu 33 walikufa. Hakuna iliyokuwa na mtambo wa kukwepana. Septemba 2015, juu ya mashariki ya Senegal, ndege ya wagonjwa iligongana na ndege ya abiria. Ile ndogo iliendelea kuruka bila majibu mpaka ikaanguka Atlantiki, na watu wake 7 wakapotea. Kwa sababu ya anga zenye redio dhaifu, marubani wanaovuka Afrika wana desturi yao: kwenye masafa ya 126.9 kila mmoja hutangaza, bila kuulizwa, yuko wapi, kwenye kimo gani, anaelekea wapi. Hakuna mnara unaojibu. Wanaambiana wenyewe. Naipenda desturi hii kuliko mitambo mingi, kwa kuwa ilibuniwa na watu waliokubali kwamba mnara haupo na haungekuja upesi. Simu za mkononi na redio ndogo zingeweza kufanya kazi hiyohiyo kati ya manahodha wa Mpulungu na wakuu wa wavuvi wa Rumonge.

Kuna jambo lingine ambalo utafiti wa awali haukulitazama kabisa, na kwenye pwani hii huwezi kulikwepa: si kila mtu anataka kuonekana. Mtambo wa ndege humwona tu mwenye kifaa cha kujibu. Mfumo wa meli kujitambulisha kwa redio humwona tu aliyekiwasha chake. Mwishoni mwa Januari 2018 maelfu ya watu wa Fizi, upande wa Kongo, walivuka kukimbilia Burundi kwa boti za wavuvi, wakiwa wamebanana, na aliyekuwa akikimbia risasi hakuwa na sababu ya kuwasha taa. Wenye magendo hawawashi. Anayevua kwa nyavu zilizokatazwa hawashi akisikia injini ya doria. Giza kwao ni kinga dhidi ya hatari iliyo karibu zaidi kuliko meli ya Mpulungu. Kila doria inayowachukulia wenye taa kuwa ndio rahisi kukamatwa inaongeza idadi ya wasio na taa.

Sasa lile la bei rahisi. Kanuni za 1972 zina vifungu viwili ambavyo ni kana kwamba aliyeviandika aliwahi kukaa Magara. Kimoja kinasema chombo cha makasia kisichobeba taa za kawaida kiwe na tochi au fanusi ya mwanga mweupe tayari mkononi, ioneshwe mapema kabla ya kugongana. Kingine kinamtaka anayevua kwa nyavu zisizoburutwa aweke taa nyekundu juu ya nyeupe. Nyekundu juu ya nyeupe: ninavua, siwezi kukupisha. Balbu moja nyekundu kwenye mti mrefu, juu ya taa za ndagala, ingeyatenganisha makundi mawili ambayo nahodha wa meli hawezi kuyatenganisha sasa, waliotulia na wanaotembea. Na kofia ya bati juu ya taa ya kuvulia, inayousukuma mwanga wote chini majini, ingemrudishia mvuvi macho yake huku ikiwaongezea ndagala mwanga. Sijui pingamizi la maana dhidi ya kofia ya bati. Dhidi ya balbu nyekundu lipo moja: kanuni hizohizo zinakataza taa nyingine yoyote inayoweza kuchanganya taa za usafiri, na taa za kuvulia zenyewe zinachanganya. Mwanasheria atapata la kubishania. Mvuvi hatakuwa na muda naye.

Lakini taa peke yake haitoshi, na hapa ndipo naiona sehemu ya utafiti iliyosahauliwa kabisa: kutenganisha njia. Septemba 1854 meli ya mvuke Arctic iligongana na meli ya Kifaransa Vesta kwenye ukungu karibu na Newfoundland, watu zaidi ya 300 wakafa. Mwaka uliofuata Matthew Maury, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa akikusanya kumbukumbu za safari za meli, alichapisha njia mbili za kuvukia Atlantiki, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kampuni kubwa za abiria zilikubaliana kuhusu njia zao mwaka 1898. Kisha, na hili linatuhusu zaidi, mwaka 1911 chama cha wenye meli wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini kiliwapangia wanachama wake njia tofauti za kupanda na kushuka. Serikali hazikuwa za kwanza. Waliokuwa wakipoteza meli ndio waliokaa mezani. Mlango wa Dover, wenye msongamano mkubwa kuliko karibu bahari yoyote, ulipata njia zake mwaka 1967, kwa hiari kwanza, na kwa lazima miaka kumi baadaye.

Mtu atasema Tanganyika ni pana, nani atagongana na nani? Victoria ni pana zaidi, ina kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Tarehe 8 Mei 2005, katikati ya maji hayo yote, meli mbili za Uganda za kubeba mabehewa, Kabalega na Kaawa, meli dada za mwenye mali mmoja, ziligongana, na Kabalega ikazama. Upana wa maji haukinzi kitu ikiwa wote wanakwenda bandari zilezile, maana wote hufuata mstari uleule. Wataalamu wa anga waliliona hili kwa uchungu. P. G. Reich, aliyechapisha mwaka 1966 hesabu za hatari ya kugongana kwa ndege za Atlantiki, alishughulika na ndege ambazo makosa ya urubani yalizitawanya. Setilaiti zilipokuja, makosa yakatoweka, na ndege zikawa zinapita juu ya mstari uleule kwa usahihi wa mita. Mwongozaji akikosea kimo, hakuna tena bahati ya kupishana pembeni. Ndiyo maana ndege zinazovuka Atlantiki huruhusiwa kwa makusudi zijisogeze kulia kidogo ya mstari, maili moja au mbili. Simu zenye ramani zinaleta jambo hilohilo ziwani: kila nahodha sasa anaweza kufuata mstari sawasawa na wa mwenzake, usiku, bila kutazama nje.

Kwenye ufuko wa Burundi tatizo ni la aina yake, kwa sababu ya umbo la ziwa. Kingo zake zinashuka kwa ghafla. Baharini maji mafupi huisukuma meli kubwa mbali na wavuvi wa pwani, bila sheria yoyote. Hapa maji ni marefu karibu na ufuko, na meli ya Mpulungu inaweza kuubana ufuko ili ipunguze safari na ijikinge na mawimbi. Huko ndiko wavuvi wa Magara na Rumonge walipo. Na ukiitazama ramani ya biashara, njia za kukatana zinaongezeka. Bandari ya Karema upande wa Tanzania imejengwa ili kufanya biashara na Kongo ng'ambo, na Kigoma inategemea bandari za Kalemie na Uvira za Kongo. Hizo ni safari za kuvuka kutoka upande mmoja wa ziwa hadi mwingine, zinazoikata ile ya kusini na kaskazini.

Tuseme basi meli za chuma zikubaliane kupita kilomita 5 nje zaidi ya zinakopita sasa, kwenye kipande cha Rumonge na Magara. Gharama yake ni nini? Meli ikianza kujitenga taratibu kilomita 25 kabla, ikafika kilomita 5 nje, kisha ikarudi kwa mlalo huohuo, imeongeza kilomita moja katika safari nzima. Nchini Burundi, ambako dizeli imekuwa adimu miaka hii, hata kilomita moja ina wa kuilalamikia. Lakini hatari yenyewe haipo kila usiku. Wavuvi wa taa hupumzika mwezi ukiwa mpevu, kwa kuwa mbalamwezi hushinda taa zao. Anayepanga safari za meli anajua miezi miwili mbele ni usiku upi ufuko wa Magara utakuwa umejaa Apollo na upi utakuwa mtupu. Waongoza ndege hawana kalenda ya namna hiyo. Njia ya nje kwa usiku wa giza, njia ya ndani kwa usiku wa mbalamwezi: wenye meli za chuma kwenye Tanganyika ni wachache kiasi cha kuenea kwenye chumba kimoja Bujumbura, pamoja na vyama vya wavuvi. Watakachobishania zaidi, nadhani, ni wavu uliokatwa usiku ambao meli ilikuwa njia ya ndani kinyume cha kalenda, nani aulipe, na kwa ushahidi gani, ikiwa mvuvi hakuona jina la meli.